Kazi Inayobaki Mashine Ikishajua Kuandika

Walimu wenzangu wa chuo cha Rukoki, ambako nilikabidhi funguo za chumba cha kompyuta mwishoni mwa muhula uliopita, wameniomba niwaandikie jinsi miaka yangu ya kazi ilivyokwenda. Ombi lao lilikuwa na swali ndani yake, nami napenda kulitoa nje mapema ili tusifichane. Wanafunzi wanawauliza kila wiki kama bado kuna kazi katika fani ya kompyuta, sasa kwa kuwa mashine zenyewe zimejifunza kuandika programu, nao hawajui wajibu nini. Jibu langu ni kwamba kazi ipo. Lakini mtu aliyefundishwa Kilatini na mapadri hawezi kutoa jibu bila kuonyesha njia aliyoipitia kulifikia, kwa hiyo itabidi mnivumilie. Vyeo sitavitaja, vilikuwa viwili, na kimoja kilikuwa cha kukaimu. Mishahara nayo tuiache ipumzike.

Nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa shaba, juu kidogo ya mji wa Kasese, mtoto wa mchomelea vyuma aliyekuja kutoka magharibi mwa Kenya kwa mkataba wa miaka miwili akakaa thelathini. Seminari ndogo ilinipokea nikiwa na miaka kumi na minne, ikaniachilia nikiwa na kumi na tisa, na pande zote mbili ziliridhika. Niliondoka huko na mizigo miwili. Wa kwanza ulikuwa Kiswahili cha vitabuni, ambacho wenzangu wa mtaani walikiona kama suti iliyovaliwa kwenda kulima. Wa pili ulikuwa sarufi ya Kilatini, lugha ambayo neno likikosewa mwishoni sentensi nzima huanguka, wala hakuna msomaji wa kukuonea huruma akakisia ulichokusudia. Wakati ule nilidhani mzigo huo hautanifaa popote. Sikujua kwamba nilikuwa nimefunzwa nusu ya kazi ya programu kabla sijaona kompyuta.

Nilianza kazi ya kompyuta katika ofisi ya bohari ya kiwanda kimoja cha saruji. Kompyuta ilikuwa moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama cha meza ya sebuleni, na aliyeitawala alikuwa Bi. Akinyi, mwanamke mrefu wa maneno machache aliyehamia Kasese kumfuata mumewe kiwandani. Kwa siku kumi na moja hakuniruhusu kuigusa kibodi. Alinipa brashi laini ya rangi, bisibisi ndogo na agizo la kuondoa vumbi ndani ya kasha la kompyuta kila asubuhi.

“Usipulize na mdomo,” aliniambia siku ya kwanza, nilipoinama kufanya hivyo hivyo. “Saruji na mate vikikutana unajua vinazaa nini.”

Nilijua. Katika kona moja ya kasha kulikuwa na kijiwe cha rangi ya kijivu, urithi wa kijana aliyenitangulia.

Siku ya kumi na mbili alinipa daftari lililopigwa mistari safu tatu. Safu ya kwanza niandike nilichoiamuru mashine, ya pili ilichofanya, ya tatu nilichokuwa nimetarajia. Nilipomwendea wiki hiyo na malalamiko kwamba mashine imekataa kupanga orodha ya vipuri, hakuinua hata macho.

“Kijana, mashine haikatai. Inatii tu. Nenda uangalie imetii nini.”

Niliangalia. Ilikuwa imetii kosa langu, kwa uaminifu ambao sijauona kwa binadamu yeyote. Daftari lile lilijaa, nikafungua jingine, na nilipoondoka kiwandani baada ya miaka minane nilikuwa na madaftari kumi na tisa. Nawaambia hili vijana mnaofanya kazi hii kwa kuandika na kufuta: kosa lililofutwa bila kuandikwa hurudi likiwa limebadilisha nguo.

Kutoka kiwandani nilikwenda Rukoki kufundisha, na huko ndiko nilikomaliza. Chuo kilipoanza kilikuwa na vyumba viwili, kompyuta sita, na stabilaiza moja ya umeme iliyovuma kama nyuki. Wanafunzi wetu wa mwanzo walikuwa watoto wa wakulima, wake wa askari na askari wenyewe kutoka kambi ya jeshi ya jirani. Nilikuwa na sajenti mmoja aliyeisemesha kompyuta kwa sauti ya gwaride. Alibonyeza kitufe, akasubiri, kisha akasema, “Wewe, fanya!” Nilimweleza kwamba haisikii. Akajibu kwamba kuruta naye siku za mwanzo hasikii.

Katika miaka hiyo nilitangaziwa kifo cha kazi yangu mara nyingi. Walisema kompyuta zitakuwa rahisi mno hata mafundi hawatahitajika. Zikawa rahisi, watu wengi zaidi wakazinunua, na mafundi wakaongezeka. Walisema simu za mkononi zitaua vyumba vya intaneti. Hilo lilikuwa kweli, na wenye vyumba hivyo mjini Kasese walivifunga kimoja baada ya kingine. Lakini wasaidizi wao, ambao wengi niliwafundisha mimi, leo wanarekebisha simu, wanajenga mitandao ya mashule, wanatunza kumbukumbu za mahoteli ya njia ya Katunguru. Nilijifunza kutofautisha kazi na kiti. Kiti huondolewa. Kazi huhamia chumba cha pili, na mwenye kujua alichokuwa akikifanya huifuata.

Hapo ningeweza kuishia, nikawa nimewajibu kwa mdomo wa mtu aliyekwisha kupata pensheni yake, ambao si mdomo wa kuaminiwa sana. Kwa hiyo nitawaeleza wiki moja ya muhula wangu wa mwisho, wiki ambayo jibu hilo lilitakiwa kumbeba mtu mwingine.

Mtu huyo ni Biira, binti wa mkulima wa kahawa wa Karambi. Alikuwa amemaliza stashahada yake kwetu, na nilimpokea kwa miezi michache kama msaidizi wangu katika mafunzo ya kazini. Chuo kikuu kilimpa nafasi, na barua ilimtaka achague kati ya sayansi ya kompyuta na uuguzi, kwa kuwa aliomba zote mbili. Fomu irudishwe kabla ya Ijumaa jioni, ikiwa na sahihi ya mzazi. Baba yake, Mzee Thembo, alikuwa na uwezo wa kusomesha mtoto mmoja kwa safari moja tu. Hakuna kurudi nyuma kuchagua tena. Na redio ilikuwa imemwambia mzee kwamba mashine sasa zinajiandikia programu zenyewe.

Biira alinieleza hayo Jumatatu, akiwa anasafisha vichwa vya printa.

“Baba anasema anaweka alama kwa uuguzi. Nikamwambia nangoja kuuliza Mwalimu.”

“Na wewe unataka ipi?”

“Mimi nataka kompyuta,” alisema. “Lakini kama ni ya kwenda kukaa nyumbani na cheti, afadhali sindano.”

Niliahidi kumpa jibu kabla ya Ijumaa. Nilikuwa nimewaambia vijana kwa miaka ishirini na mitano kwamba kazi ipo, na safari hiyo, nikikosea, nilijua ni nani hasa atakayelipia na anaishi mlima gani.

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kutoka Bwera. Kuna zahanati ndogo ya watu binafsi karibu na mpaka, ambayo sitaitaja kwa sababu wamiliki wake ni wapole na hawakuwa na kosa. Wiki tatu kabla walikuwa wamehamisha kadi zao za wagonjwa kutoka karatasi kwenda kwenye mfumo wa kompyuta. Aliyeujenga alikuwa Denis, mwanafunzi wangu wa zamani, mtoto wa askari, aliyekulia kambini na sasa anafanya kazi mji mkuu. Aliujenga kwa siku nne, akisaidiwa na akili mnemba, mashine hiyo mnayoizungumzia ambayo huulizwa kwa maneno ya kawaida ikajibu kwa programu iliyokamilika. Kazi hiyo ingenichukua mimi miezi mitano. Nasema hivyo bila uchungu. Nilikuwa mwepesi kwa wakati wangu.

Nilimchukua Biira, na tulipofika tulipokelewa mlangoni na Sista Kavira, muuguzi mkuu, mzaliwa wa upande wa pili wa mpaka. Alituongoza moja kwa moja hadi wodi ya wazazi, kwenye kitanda cha mama mmoja mja mzito anayeitwa Masika.

“Mwalimu, angalia hii maneno. Kompiteri inasema huyu mama balishamupasua kwa mutoto wa kwanza. Miye niko naangalia tumbo, kovu hakuna. Namuuliza, anasema hii ndiyo mimba yake ya kwanza. Sasa nani iko mwongo?”

“Mimi si mwongo,” alisema Masika kutoka kitandani, bila kuinua kichwa. “Kisu ningekikumbuka.”

“Na kundi la damu?” niliuliza.

“Ndiyo inaniogopesha. Iko andikwa moja, miye nimepima nimepata ingine. Kama ningeamini kompiteri na damu ikamupotea, tungemutilia ya mutu mwingine.”

Masika hakudhurika, kwa kuwa Sista Kavira aliamini macho yake kuliko skrini. Biira, bila kuniuliza, alisema jambo la kwanza la busara siku ile: mfumo usimamishwe, kadi za karatasi zitolewe kwenye masanduku, na wagonjwa wapokelewe kama zamani hadi tujue. Sista alikubali kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha.

Denis tulimkuta katika chumba cha dawa, macho mekundu, kompyuta mbili mbele yake. Alisimama wima nilipoingia. Tangu alipokuwa mwanafunzi wangu huniita afande, na sijaweza kumwachisha.

“Afande, hii kitu ilipita majaribio yote. Yote. Sielewi.”

Nilifungua daftari langu la safu tatu. Denis alilitazama kwa tabasamu la mtu aliyekutana na mzee wa kijiji chao mjini.

“Tuanze,” nilisema. “Uliiamuru nini?”

“Nilisema, kama mtu ako kwa karatasi mara mbili, unganisha awe moja. Wagonjwa wanapoteza kadi, wanapewa ingine. Nilitaka kila mtu awe na faili moja.”

“Na mara mbili ni nini? Inajuaje kwamba ni mtu yule yule?”

“Jina na tarehe ya kuzaliwa.” Kisha, kwa heshima, lakini akanitazama usoni: “Si ndivyo ulitufunza, afande? Ubaoni. Mimi nilinakili.”

Ni kweli. Kanuni hiyo niliifundisha mimi, mwaka baada ya mwaka, kwa chaki na baadaye kwa kalamu, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeinua mkono. Nikaiandika katika safu ya tatu, mahali pa matarajio, na jina langu pembeni yake.

Msomaji asiye wa huku anahitaji kuelezwa jambo moja. Wakonzo, ambao ndio wenyeji wa milima hii, humpa mtoto jina kwa kufuata nafasi ya kuzaliwa kwake. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, na kuendelea. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Familia elfu zikipata binti wa kwanza, kuna Masika elfu. Jina la ubatizo husaidia kidogo, lakini Wakristo nao wana majina wanayoyapenda, na Masika Grace peke yake angejaza kanisa. Tena wazee na hata vijana wengi hawajui tarehe waliyozaliwa. Karani huuliza mwaka, kisha huandika tarehe mosi Januari. Kwa mujibu wa kumbukumbu zetu, sehemu kubwa ya Bukonzo ilizaliwa siku ya mwaka mpya.

Basi mashine ilitii. Ilikuta Masika Grace wa mosi Januari hapa na Masika Grace wa mosi Januari pale, ikawafanya mtu mmoja, ikampa mimba ya huyu na kovu la yule. Ilifanya hivyo kwa mafaili zaidi ya mia tatu.

“Majaribio yako uliyafanya na majina gani?” nilimuuliza Denis.

“Ya kambini. Yale ya majirani nilikuwa nayo kichwani.”

Kambini kuna Mugisha, Wanyama, Akello, Nsubuga, watu kutoka kila pembe ya nchi, na ni nadra jina kujirudia. Mtoto wa kambi alijaribu mfumo wake kwa kambi, na kambi ikamwambia uko sawa. Nami, mtoto wa mgodi, nimeishi miaka sitini na mitatu kati ya akina Baluku, nimewaita darasani, nimewazika, na sikuwahi kufikiri kwamba kanuni yangu ya ubaoni haiwezi kuwatenganisha. Wageni wawili tuliozaliwa hapa tulikosea kosa lile lile, na la kwangu lilikuwa na umri mkubwa zaidi.

Denis aliiuliza akili mnemba. Nilisoma jibu lake begani kwake, nami nataka kulitendea haki. Lilikuwa la adabu, limepangwa vizuri, na lilikuja kwa muda wa mimi kufuta miwani. Ilisema: kwa jamii ambayo majina hujirudia, ongezeni jina la baba. Ikatoa programu yenyewe, safi, isiyo na kosa hata la nukta.

“Imeisha,” alisema Denis, akinyoosha mkono kubonyeza.

“Ngoja,” alisema Biira.

Alikuwa amekaa chini, kwenye sanduku la kadi, akizipanga kwa vijiji. Hakupaza sauti.

“Ukiweka jina ya baba, mimi nitapotea.”

“Upotee wapi?”

“Kwetu kuko Biira wawili. Mimi, na ule wa mama mdogo, mke wa pili wa baba. Kila mama anahesabu watoto wake peke yake. Mama yangu alizaa Masika, akazaa mimi. Mama mdogo pia alizaa Masika wake, akazaa Biira wake. Baba ni moja. Nyumba ni jirani. Na mwaka tumezaliwa moja.” Alimtazama Denis. “Kaka, hiyo programu yako inanioza na dada yangu tuwe mwili mmoja.”

Sista Kavira, aliyekuwa mlangoni, alicheka hadi akashika fremu.

“Hata kwetu iko hivyo,” alisema. “Baba ni wa kila mutu. Uliza mama.”

Denis aliondoa mkono wake kwenye kibodi. Ninamsifu kwa hilo. Nimewajua wataalamu wengi ambao wangebonyeza kwanza wakabishana baadaye. Aliiuliza mashine tena, safari hii kwa maneno ya Biira: jina la mama, nafasi ya mtoto kwa mama huyo, kijiji cha mama. Ikajibu kwa upesi ule ule na uzuri ule ule, na safari hii jibu lilikuwa la kweli. Ningependa mlizingatie hilo kwa utulivu. Mashine ilikuwa ile ile asubuhi nzima. Kilichobadilika ni aliyeuliza.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa kazi ya mikono. Tulirudisha kila faili kama lilivyokuwa, tukalilinganisha na kadi ya karatasi, tukaongeza jina la mama, na pale ambapo kadi haikutosha Biira alimpigia mgonjwa simu au alimsubiri mlangoni. Denis aliandika, mashine ikamsaidia, mimi nikashika daftari. Alhamisi adhuhuri tulikuwa tumebakiwa na mafaili ishirini na mawili.

Hapo ndipo Mzee Thembo alipofika. Alikuwa amevaa koti zito licha ya jua, akichechemea kidogo, na fomu ya chuo kikuu ilikuwa imekunjwa mara nne katika mfuko wa kifuani. Alituamkia kwa Lhukonzo, kisha akageukia Kiswahili kwa ajili yangu. Nilitambua mapema kwamba hakuja kwangu. Alikuja kwa Sista.

“Sista, nimesikia mutoto wangu iko hapa. Nataka umwambie wewe, mwanamke mwenye kazi, kwamba uuguzi ni kazi. Mimi akisikia maneno yangu anaona ni ya shamba.”

“Uuguzi ni kazi,” alisema Sista Kavira. “Mikono yake pia ni muzuri. Lakini baba, bauguzi niko nabo inne. Mutu wa kujua kompiteri inadanganya wapi, niko naye huyu mumoja, na ni wa kuazima.”

Mzee Thembo alilitafakari hilo, kisha akanigeukia mimi.

“Mwalimu, redio inasema mashine inaandika yenyewe. Sasa huyu akimaliza kusoma, ataandika nini? Barua ya kuomba kazi?”

Denis aliinamisha kichwa asicheke. Biira hakucheka, alikuwa amesimama na kadi mkononi, akinitazama. Ahadi yangu ilikuwa ya kabla ya Ijumaa, na ilikuwa Alhamisi.

“Redio haikukosea, Mzee Thembo,” nilimwambia. “Kazi ya kunakili itakwisha. Kazi ya kuandika programu ambayo imeshaandikwa mara elfu mahali pengine itakwisha pia, na kijana anayesoma ili afanye hiyo tu, mwambie akalime kahawa. Lakini siku hizi tatu nimeona kazi nyingine. Mashine ilikuwa na kila kitu isipokuwa nyumba yako. Haikujua una wake wawili, na kwamba kila mmoja anahesabu kuanzia moja. Ilibidi mtu ajue hilo, na ajue pia programu inavyofikiri, ajue vyote viwili kwa wakati mmoja. Mfumo huu ni wa zahanati moja. Bado shule, bado ofisi za ardhi, bado vyama vya wakulima, huku na ng’ambo. Kila mahali ambapo mashine hizi zitapelekwa, zitakuta watu ambao hazikufundishwa habari zao.”

“Unaniapia atapata kazi?”

“Sikuapii. Hata wa uuguzi siwezi kukuapia. Nakwambia nilichokiona, na ningekuwa na binti, ningeweka alama pale anapotaka yeye.”

Aliinama akakanda goti lake. Si mtu wa kujibu upesi, na nilimheshimu kwa hilo. Mwishowe alisema goti linamsumbua tangu mavuno, na kwa kuwa amekwisha kuja, basi Sista amwangalie.

“Lazima uandikwe kwanza,” alisema Sista Kavira, akamwonyesha meza ambapo Biira alikuwa amekwisha kukaa.

Mzee Thembo alikaa mbele ya binti yake. Biira aliandika jina lake, na skrini ikaonyesha akina Thembo wengi, mmoja chini ya mwingine, karibu wote wa mosi Januari.

“Mama yako anaitwa nani?” aliuliza.

“Humjui bibi yako?”

“Mimi namjua. Hii haimjui. Sema, Baba.”

Mzee alivuta pumzi, akakaa wima kitini kama mtu aliyeitwa mahakamani.

“Mbambu,” alisema. “Mbambu wa Karambi, kilima cha juu. Mimi ni kijana wake wa tano.”

Biira aliandika. Orodha ilipungua ikabaki mstari mmoja. Ulikuwa na kipimo cha malaria cha mwaka juzi na jino alilong’olewa. Mzee Thembo aliinama kuusoma, akagusa shavu lake upande ambao jino halipo.

Kisha alitoa fomu mfukoni, akaikunjua juu ya meza na kuinyoosha kwa kiganja. Aliomba kalamu. Biira alimpa ya kwangu. Alisoma polepole, kidole kikitangulia macho, akafika kwenye visanduku viwili na kuweka alama katika kile cha sayansi ya kompyuta, alama nene ya mtu aliyezoea kuandika magunia. Alipofika mahali pa sahihi alisita.

“Hapa wanauliza jina ya baba,” alisema. “Ya mama yako hawaulizi?”

“Hawaulizi.”

Alitia sahihi, akamsogezea karatasi.

“Basi ukifika huko, uwaambie.”